Kuku Aliyefuzu

Baba yangu aliamini kwamba Mungu huzungumza na binadamu kupitia alama za mtihani. Si kupitia ndoto, wala kupitia mchungaji wetu, ambaye baba alimsikiliza kila Jumapili akiwa amefumba macho, na si kwa maombi. Alama peke yake. Mtoto akipata themanini katika jambo, hilo ndilo aliloumbiwa. Akipata ishirini, amepotea njia na arudi upesi. Kwa imani hiyo alitulea katika nyumba za reli za Makongeni, na kwa imani hiyo nilipomaliza kidato cha nne alinipeleka chuo kimoja cha mjini kusomea uhasibu, kwa kuwa hesabu ndiyo iliyokuwa imenibeba.

Nitasema wazi: sikuupenda uhasibu hata dakika moja. Nilikaa karibu na dirisha, mwalimu akisema mali na madeni, mimi nawaza kunde za jioni, kama nitaziunga kwa maziwa au kwa njugu. Na bado nilikuwa wa kwanza darasani. Hapa ndipo penye kichekesho. Wenzangu walioupenda uhasibu kwa moyo wote walikuwa wakihangaika na hesabu zao kama mtu anayelea mtoto mgonjwa. Wanafuta, wanarudia, wanashuku, wanaamka wakiwa na macho mekundu. Mimi nilifanya nilivyoambiwa, nikaweka kalamu chini, nikatoka kununua mahindi ya kuchoma. Matokeo yakija, jina langu liko juu, na wao wananitazama kama mwizi.

Mtaani kwetu mtu hasubiri kumaliza masomo ndipo aitwe kwa kazi yake. Huitwa siku ile habari za chuo zinapofika. Kuna kijana wa mstari wa pili wa nyumba aliyeitwa Daktari kabla hajashika hata bandeji, na akina mama walikuwa wakimwonyesha vidonda vya watoto dukani, naye anatingisha kichwa kwa masikitiko. Mimi nikawa Mhasibu. "Mhasibu, mulembe!" wananisalimu kwa lugha ya kwetu. "Mhasibu, shuka chini utusaidie kubeba maji." Kila nilipoitwa hivyo nilihisi nimevalishwa koti la marehemu.

Nilichokipenda mimi ni jikoni. Nilipapenda tangu nikiwa na urefu wa meko. Kwa hivyo baada ya mwaka mmoja wa kuongoza darasa nisilolitaka, nilimwambia mama kwamba nataka kuhamia chuo cha ufundi upande huu wetu wa Eastlands, nisomee mapishi. Nyumbani kwetu habari mbaya hupitia kwa mama kwanza. Mama alizikalia siku chache, akazipunguza makali, kisha akampakulia mzee ugali mkubwa na kumwambia.

Lazima nieleze kwamba baba alinipa jina la mama yake mzazi, na kwa sababu hiyo hajawahi kuniita kwa jina. Huniita Kukhu, yaani nyanya, bibi, kwa lugha ya kwetu. Jambo hilo lilimpa taabu sana katika malezi, maana ni vigumu kumgombeza mama yako.

"Kukhu," akasema, "Mungu amekuonyesha kwa alama. Unataka akuonyeshe kwa nini tena, radi?"

"Baba, siipendi ile kazi."

"Kupenda!" Alilisema neno hilo kama mtu aliyeokota kitu sakafuni na hajui ni cha nani. "Nani amekuuliza kama unapenda? Alama hazina upendo wala wivu. Ndiyo maana mimi naziamini."

Mama alikohoa. Kikohozi cha mama yangu kina maneno mengi ndani yake, na mzee aliyajua yote. Mzee akatoa hukumu. Nitaenda chuo cha ufundi. Mwisho wa mwaka kuna mtihani wa vitendo. Nikifuzu, nipike mpaka nizeeke. Nisipofuzu, narudi kwa uhasibu, na habari za sufuria zisisikike tena chini ya bati lake. Nilikubali kwa furaha ya mjinga. Kama nilikuwa wa kwanza katika nisichokipenda, katika ninachokipenda si watanijengea sanamu?

Katika chuo hicho hakuna asilimia. Mtihani wa vitendo una majibu mawili tu: amefuzu, au bado. Ukutani pa darasa letu palibandikwa karatasi yenye maandishi makubwa, SOMA UNACHOKIPENDA NAWE UTAFAULU. Mwaka ule wote niliisalimu karatasi ile kwa kichwa nikipita, kama tulivyokuwa tukiisalimu picha ya babu sebuleni.

Nilikuwa nafika kabla ya mlango kufunguliwa. Nilikuwa naondoka nikifukuzwa na mfagiaji. Nilitazama video za mapishi kwenye simu mpaka mama akatishia kuitia kwenye maji ya sukuma wiki. Mwalimu wetu, mwanamume mwembamba ambaye hakuna aliyewahi kumwona akila, alikuwa akitufundisha kupima, kukata na kupanga sahani, na mimi nilikuwa nikitikisa kichwa kwa heshima huku moyoni nikisema, maskini, huyu hajalelewa na mama yangu.

Mtihani ukafika. Kila mmoja wetu alipewa meza yake, jiko lake, na kuku wake wa broila, mweupe na mlegevu, kuku ambaye hajawahi kuparua ardhi maishani. Maagizo yalikuwa mafupi: kuku akatwe vipande vinane, apikwe kwa mchuzi mweupe, na apakuliwe pamoja na wali na mboga katika sahani nne zinazofanana. Watahini walikuwa mama mmoja wa makamo kutoka nje ya chuo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, na kijana mrefu aliyekuwa msaidizi wake na mbeba mkoba wake.

Nilisoma maagizo yale. Naapa niliyasoma. Lakini macho yaliposoma sahani nne, moyo ulisoma wageni wanne, na hapo nikawa nimepotea.

Kwa watu wetu wa magharibi, kule Kakamega, kuku si nyama. Kuku ni ukoo. Kila kipande kina mwenyewe, na ukikosea kugawa unaweza kuvunja undugu uliochukua miaka kujengwa. Shingo na miguu ni ya watoto, mgongo ni wa mama, paja ni la mgeni, na firigisi ni ya baba mwenye nyumba, au mwanamume mkubwa kuliko wote mezani. Mgeni wa heshima, akiwa mwanamume, akipakuliwa kuku asione firigisi, hali tena. Hufuta mikono, huaga, na huenda kusimulia. Kwa hivyo mikono yangu ilimkata yule broila kama inavyojua, vipande kumi na kitu, kila kimoja na jina lake. Nilianza mchuzi mweupe, nikauonja, nikauonea huruma. Nikatia kitunguu nilichokaanga kikawa kahawia, nikatia nyanya, nikatia dania, na mchuzi mweupe ukawa na rangi ya matofali. Mboga yangu ikawa kunde, nikazitia munyu, ile chumvi ya majivu anayotumiwa mama kutoka nyumbani, ambayo nilikuwa nimeileta kwenye chupa ndani ya soksi. Jikoni pote pakanukia. Wanafunzi wa meza za mbali walikuwa wakigeuka.

Nikapakua. Sahani ya yule mama nikaiwekea paja zuri. Sahani ya yule kijana msaidizi nikaiwekea firigisi, kwa kuwa ndiye mwanamume pekee aliyekuwa mgeni.

Yule mama akashusha miwani.

"Hiki ni nini?"

"Firigisi, madam."

"Naiona. Nauliza kwa nini iko kwenye sahani hii na yangu haina. Si sahani zifanane?"

"Hiyo ni ya mwanamume, madam."

Kijana msaidizi alikuwa tayari ameitia firigisi mdomoni, na sasa hakujua ameze au aiteme. Alimeza. Yule mama akaniinamia, akanong'ona kwa lugha ya nyumbani, kumbe ni wa kwetu. "Mwanangu, umenitukana mara mbili. Umeninyima firigisi na mimi ndiye mkubwa hapa, halafu umempa huyu mtoto kana kwamba ni mume wangu."

Nikatamani ardhi ipasuke. Lakini yeye alivuta sahani akaanza kuonja. Mtahini huonja kijiko kimoja, huandika, huenda meza nyingine. Yule mama alionja kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, akashika paja kwa mkono. Alikula kunde zote. Alifuta mchuzi kwa wali wa mwisho mpaka maua ya sahani yakaonekana. Kisha akanawa, akachukua kalamu, akaandika: Bado.

Nina hasira za karibu, na siku hiyo zilinipanda mpaka masikioni. Nilitaka kumwuliza, mama, kama ni bado, mbona sahani inang'aa? Sikuuliza. Nilifungasha kilichobaki kwenye sufuria, nikaenda nyumbani nikiwa nimeikumbatia kifuani.

Baba alikuwa ametoka kazini, karakana ya reli, ambako anajulikana kama fundi asiyewahi kukosea bolti. Kabla sijafungua mdomo, mama alikuwa ameshapakua. Mzee akala. Akaongeza. Akavunja mfupa, akafyonza, akapekua sufuria kwa kijiko.

"Firigisi iko wapi?"

"Imeliwa huko huko kwenye mtihani, baba."

"Mtahini aliyekula firigisi hawezi kukuangusha," akasema kwa uhakika, akicheka.

"Wameandika bado."

Akaweka mfupa chini. "Bado ni alama gani?"

"Ni kuanguka kwa adabu," mama akasema.

"Kule reli, gari la moshi likiwa bado, watu wamesimama stesheni wanapigwa na jua." Alitazama sahani yake, akatazama vidole vyake vyenye mafuta, na nikamwona akipigana na nafsi yake. Alama zikashinda. "Kukhu, chakula ni kitamu. Sitasema uongo mbele ya Mungu. Lakini utamu si alama. Mungu amesema."

"Amesema bado," mama akamjibu, "hajasema hapana. Na chuo kinaruhusu kurudia mara moja."

Mzee ni mtu wa sheria. Kama chuo kimeruhusu mara moja, basi ni mara moja. Baada ya hapo, uhasibu.

Habari hazikulala. Kwenye kikundi cha ukoo cha WhatsApp, shangazi wa Kakamega alituma sauti ndefu akiuliza, huyo kijana aliyepewa firigisi ni wa nani, na je, wazee wake wanakuja lini kuposa, au msichana amegawa firigisi bure? Kanisani, akina mama wa ushirika waliniweka katikati wakanishika mikono. Mmoja wao alikemea roho ya Bado kwa sauti iliyosikika mpaka barabara ya Jogoo. Jirani yetu, mama mmoja kutoka Murang'a, aliniambia kwa huruma kwamba shida yote imeletwa na sisi kumpa kuku vyeo. Kwao kuku anakatwa tu, anachemshwa na viazi, kila mtu anachota anachopata, na hakuna aliyewahi kuanguka.

Nilikwenda kumwona mwalimu. Nilitaka anihurumie, au walau aitoe ile karatasi ukutani. Alinisikiliza huku akinoa kisu.

"Kupika unajua," akasema. "Mtihani ndio hujui."

"Lakini mwalimu, mimi ndiye ninayeipenda hii kazi kuliko wote hapa."

"Ndiyo shida yenyewe. Unaipenda hata huisikilizi. Mimi nikiongea, wewe unanivumilia." Akajaribu kisu kwenye ukucha. "Nenda kwa mwenzako wa darasani, yule kijana wa Fedha. Yeye alifuzu mara ya kwanza."

Maneno hayo yalinichoma mara mbili, kwanza kwa kuwa ni kweli, pili kwa sababu ya kijana mwenyewe. Yule kijana, anayetoka mtaa wa Fedha kule Embakasi, alikuja chuoni kusomea magari. Darasa la magari likajaa, akaambiwa nafasi iliyobaki ni ya mapishi, akachukua ili asikae nyumbani. Hakupenda kupika. Hakupenda hata kula, isipokuwa chipsi. Alikuwa akiingia jikoni na eproni iliyopigwa pasi, anasimama mbele ya jiko kama askari wa zamu, na saa ikifika anaondoka. Nilikuwa nimemdharau mwaka mzima, na sasa nikaenda kumwomba.

"Niaje," akasema. "Nilisikia ile story ya firigisi. Manze, pole."

"Nisaidie."

"Unajua shida yako ni gani? Unaipenda hii kitu mob sana. Mimi siipendi, so inaniheshimu."

Akaja kwetu Jumamosi, na kuku wa mazoezi akalala mezani. Jikoni kwetu watu wawili wakiingia, wa tatu anasimama kwenye korido, kwa hivyo mama alisimama koridoni, na nyuma yake yule jirani wa Murang'a, aliyekuja kuomba chumvi na akasahau kuondoka. Kijana alitoa simu yake, akaweka kengele ya dakika. Alipima unga, alipima siagi, alipima maziwa, akayainua mpaka usawa wa jicho kuhakikisha. Alikata kuku vipande vinane bila kumwuliza kuku chochote.

"Huyu mtoto anapika kama mtu anayechanganya dawa ya ng'ombe," jirani akanong'ona.

Mama hakuweza kujizuia. "Kijana wangu, huo mchuzi umeuonja?"

"Zii, mathe. Mimi sionji."

"Huonji?"

"Nikionja nitaanza kuongeza vitu."

Mama alishika mlango. Nadhani hajawahi kusikia jambo la kutisha kuliko hilo, na amesikia mengi. Lakini mimi nilipigwa na kitu. Nilimtazama yule kijana akifuata maagizo, mstari baada ya mstari, bila kupenda wala kuchukia, na nikajiona mwenyewe karibu na dirisha katika darasa la uhasibu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa wa kwanza. Si kwamba nilikuwa na kipaji cha mahesabu, wala si kwamba Mungu alikuwa amesema lolote. Sikuwa na cha kuongeza tu.

"Fanya kama ile accounts yako," akaniambia, kana kwamba amenisoma. "Hapo si ulikuwa unawanyorosha wote darasani?"

"Nilikuwa sijali."

"Basi usijali. Jali baadaye, ukishapita."

Ni rahisi kusema. Jaribu wewe kutojali kitu unachokipenda huku ukijua kwamba ukikikosa utakaa kwenye dawati la uhasibu mpaka ustaafu. Majuma yale yalikuwa magumu kuliko mwaka mzima uliotangulia. Nilikuwa nikipika na mikono yangu nimeifunga kwa akili. Mkono ukienda kwenye kitunguu, nauita urudi. Nikisikia hamu ya kuonja, nauma ulimi. Mama alikuwa ananiona nikipima chumvi kwa kijiko cha dawa, anatoka nje kuanika nguo ambazo zimeshakauka. Kijana wa Fedha alifurahishwa na maendeleo yangu. Yeye mwenyewe, nitalisema hapa nisije nikalisahau, baadaye alianza kupenda keki. Akaandikiwa Bado muhula huo huo, na akaja kuniuliza kwa uchungu kama kuna dawa.

Siku ya kurudia mtihani alikuja mama yule yule wa miwani. Maagizo yalikuwa yale yale. Nikakata vipande vinane. Firigisi nilipoishika, nilihisi kama nimemshika babu mwenyewe, nikamtia kwenye sufuria ya supu ya mifupa, nikaifunika kwa mfuniko nisimwone. Mchuzi ukawa mweupe na ukabaki mweupe. Sikuonja. Sahani nne zikafanana hivi kwamba hata mimi nisingeweza kuzitofautisha, kila moja na kuku wake, wali wake uliobanwa kwenye kikombe ukapinduliwa, na karoti zake zilizolala zikielekea upande mmoja.

Yule mama alizunguka meza. Akapima kwa macho. Akachukua kijiko, akaonja mara moja. Akatafuna kidogo, akameza, akaweka kijiko chini, na hakukishika tena. Akaandika: Amefuzu. Kisha akanitazama juu ya miwani na kuniambia, kwa lugha ya nyumbani, "Pole, mwanangu." Akaenda meza nyingine.

Wenzangu walinipongeza. Mwalimu alinipa mkono. Kijana wa Fedha alinipiga bega akasema, "Si nilikushow." Mimi nilicheka nao, lakini ndani nilikuwa na hasira isiyo na mahali pa kwenda. Nilikuwa nimeshinda, na kile kijiko kilichobaki mezani kilinitukana kuliko ile Bado ya mwanzo.

Nilifungasha kuku, nikarudi Makongeni. Mtaa ulikuwa umejua tayari, sijui kwa njia gani. "Chef, mulembe!" wakaniita akina mama wa bombani. Uhasibu ulikuwa umekufa na kuzikwa kwa neno moja. Nyumbani, baba alikuwa amevaa shati lake la kanisani, na siku yenyewe ilikuwa ya kazi. Mama alikuwa ametandika kile kitambaa cha meza ambacho hutandikwa wageni wakija. Shangazi wa Kakamega alikuwa kwenye simu, amewekwa juu ya kabati la vyombo, anapiga vigelegele vinavyokatikakatika kwa sababu ya mtandao.

"Amefuzu!" baba akatangaza, akiwatangazia watu waliokuwa tayari wanajua. "Mungu amesema. Leteni sasa hicho chakula kilichofuzu."

Mama akapakua. Baba akaomba, sala ndefu, ya shukrani. Akakata kipande, akatia mdomoni, akatafuna. Akatafuna zaidi. Akatazama sahani, akaisogeza kidogo kwenye mwanga, akakata kipande kingine kutoka upande mwingine, labda utamu umejificha huko. Shangazi akauliza kwa sauti kutoka kabatini, "Kikoje? Kikoje?" Mama alikuwa akitazama dirisha.

"Kukhu," baba akasema. "Hiki ndicho kimefuzu?"

"Ndiyo, baba."

"Hakina kosa?"

"Hakina kosa hata moja."

Akatikisa kichwa polepole. Aliendelea kula, maana baba haachi chakula kwenye sahani. Alikula kipande baada ya kipande, bila haraka, bila kuongeza chumvi, uso wake ukiwa umetulia kwa namna ambayo sikuwahi kuiona mezani. Niliujua uso huo. Ndio aliokuwa akitoka nao nyumbani kila asubuhi akiwa amevaa ovaroli, na mimi miaka yote nilidhani ni usingizi. Akamaliza, akaweka uma, akanywa maji glasi nzima.

"Ladha hii naijua," akasema. "Mimi nimefanya kazi reli hivi hivi. Hakuna siku nimekosea, na hakuna siku nimetamani kesho ifike."

Mama akageuka kutoka dirishani. Katika maisha yao yote pamoja nadhani alikuwa hajawahi kulisikia hilo. Mimi nililia, sikuona haya, machozi yakaanguka kwenye kitambaa cha wageni, na baba akajifanya anatafuta kijiti cha meno mfukoni ili asinione.

"Neno langu ni neno," akasema hatimaye. "Umefuzu, na chuo utamaliza. Huko wapikie hivi, wakupe karatasi yao." Akaisukuma sahani katikati ya meza. "Lakini Jumapili nunua kuku mwingine, Kukhu, na hapa kwangu utupikie kile ulichoanguka nacho."